Walimu wa Kiingereza, naomba mbinu: kidato cha tatu na ile hadithi ya mkufu wa kuazima

Madam_Uru
Habari za jioni wanajukwaa, hasa walimu wenzangu. Nafundisha shule ya kata huku juu, Moshi Vijijini, kidato cha tatu, watoto wamejaa mpaka madirishani. Kabla hatujazama kwenye riwaya na tamthilia za mtihani nimeamua tusome hadithi fupi moja, yote, darasani, wajue ishara ni kitu gani na mhusika anajengwaje. Nimechukua ile ya Mfaransa Guy de Maupassant, ya mkufu, ya mwaka 1884.

Kwa wasioijua: Mathilde Loisel ni mke wa karani wa wizara ya elimu huko Paris, na anajiona kazaliwa kwa maisha ya juu kuliko hayo aliyonayo. Unakuja mwaliko wa sherehe ya wizara. Mume anatoa faranga 400 alizokuwa akidunduliza anunue bunduki ya kuwindia, mke akashone gauni. Vito hana, anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake mwenye uwezo, Madame Forestier. Usiku ule anawafunika wanawake wote. Kufika nyumbani, mkufu haupo. Wananunua unaofanana nao kwa faranga 36,000, nusu urithi wa mume, nusu mikopo ya kila aina, na deni linawala miaka 10. Mwishoni anakutana na mwenye mkufu, anaambiwa ule wa kwanza ulikuwa bandia, thamani yake haikuzidi faranga 500.

Watoto wanaipenda, hilo sina shida nalo. Shida ni hii: nikiuliza mkufu unaashiria nini, darasa zima linaitikia "utajiri" na daftari zinafungwa. Nikiuliza Mathilde ni mtu wa namna gani, naletewa orodha: ana tamaa, ana majivuno, mbinafsi, hana shukrani. Ushahidi hakuna hata mstari. Kumbe kuna desa, yale majibu ya kunakili, linazunguka, limeandika hivyo hivyo. Mkondo A nimeshamaliza nao, mkondo B hawajaanza. Nina vipindi viwili vya mfululizo, dakika 80. Nisaidieni.

Mzee_wa_Chaki
Mwalimu, watoto wa huko juu hawana haja ya kufundishwa ishara, wamezaliwa nayo. Waulize isale. Jani tu, linaota mpakani mwa kihamba, lile shamba la ukoo. Lakini mtu aliyekukosea akija nalo mkononi kuomba msamaha, kumkatalia ni kazi. Kila mtoto wa Kichaga anajua. Ukianza hapo, dakika kumi nyingi, wameelewa.

Ole_wa_Monduli
Naunga mkono. Kwetu nako ukishika majani mabichi mkononi umeomba amani, hakuna haja ya hotuba. Ila siku hizi darasa lina Wapare, Wasambaa, Wameru, watoto wa askari waliohamishwa juzi. Kila mmoja alete ya kwao.

Ticha_Ngarenaro
Wakubwa zangu, shikamooni, lakini hapo ndipo tunapowapoteza watoto. Isale maana yake imeshapangwa na jamii nzima kabla wewe hujazaliwa. Unaijua au huijui, basi. Mtoto akishazoea hivyo, akikutana na mkufu kwenye hadithi anaufanyia vilevile: anatafuta maana iliyokwisha pangwa, na desa linampa. Mkufu wa Mathilde haukuwa na maana yoyote mpaka mwandishi alipoanza kuusogeza kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Maana inatengenezwa humo humo ndani, na inabadilika.

Kwa hiyo isale itumieni kufungulia kipindi, halafu mseme wazi kwamba hadithi haifanyi kazi hivyo.

Mzee_wa_Chaki
Marahaba kijana. Hoja nimeielewa. Sasa mwambie mwenzio anafanyaje, maana yeye ana dakika 80 na watoto wengi.

Ticha_Ngarenaro
Mimi huwa nasimamisha usomaji mara tatu, na swali ni moja tu: hapa tulipofika, mkufu ni nini kwa Mathilde? Kwanza anapojitazama nao kwenye kioo cha Madame Forestier. Pili wanapopeleka ule wa kununua, na mwenyewe anaupokea bila hata kufungua kisanduku. Tatu pale mwisho. Kwenye kioo watasema urembo, heshima, kuonekana. Mara ya pili umegeuka deni. Mwisho hawajui waseme nini, na hapo ndipo unapokaa kimya uwaache wabishane. Ukiwauliza mara moja tu mwisho wa hadithi, lazima waseme utajiri. Na utajiri gani, kitu chenyewe bandia?

Lakini mimi ukiniuliza, hata usianze na mkufu. Anza na ile nguo ya kujitanda. Sherehe imekwisha, karibu saa kumi alfajiri, mume aliyekuwa amelala chumba cha pembeni anamtupia mabegani nguo zao za kila siku asipigwe baridi. Wenzake wanajifunga makoti ya manyoya. Yeye anaona aibu, anakimbilia nje wasimwone. Mume anamwambia subiri niite gari, hasikii, anashuka ngazi mbio. Wanatembea na baridi lao mpaka wanapata kigari kimoja kikuukuu.

Soma kipande hicho peke yake, polepole. Mkufu umepotea wapi? Mwandishi hasemi. Ila mtoto mwenye macho atakuambia angesubiri pale ndani, huenda angegundua mapema. Nguo duni imetajwa kidogo tu, lakini imebeba ishara, na hapo hapo imekuonyesha tabia ya mtu bila mwandishi kusema "alikuwa na majivuno". Mambo yako mawili unayotaka kufundisha yako kwenye aya moja, na desa halina hiyo.

Madam_Uru
Asante sana ticha. Hiyo ya nguo sikuwahi kuifikiria kwa ajili ya darasa.

Fundi_Kiborloni
Mimi si mwalimu, ni fundi nguo, nimepita tu. Naona mnabishana nguo na mkufu ila mimi nina swali lingine. Huyo dada kwa nini hakwenda tu kumwambia rafiki yake kwamba kimepotea? Mimi nashonea na kukodisha magauni ya send-off, watu wanapoteza, wanachana, wanaunguza na pasi. Wanakuja wanalia, tunaelewana. Angesema siku ile ile angeambiwa "aah shoga, kile cha bandia", yakaisha.

Ole_wa_Monduli
Dada fundi, umemaliza kazi! Madam, hilo swali liandike ubaoni vile vile lilivyo. Katika hadithi walimwandikia mwenyewe barua ya uongo kwamba kibanio kimekatika, kinatengenezwa. Kwa nini? Mmoja atasema kiburi. Mwingine atasema uaminifu, maana aliyeazima lazima arudishe. Wote wana ushahidi. Na mwenye tamaa anaosha masufuria miaka 10, anapanda maji ghorofani, anabishana sokoni senti kwa senti, kulipa kitu cha mwenzake? Ile orodha ya tamaa na ubinafsi inaanguka yenyewe. Kwenye Kiswahili wameshafundishwa mhusika bapa, yule wa tabia moja asiyebadilika, na mhusika duara, yule wa sura nyingi anayebadilika, waambie waamue huyu ni yupi na waonyeshe mstari.

Na msimsahau mume. Faranga 400 za bunduki amezitoa bila kelele nyingi. Wanafunzi wangu wa kike walimtetea, wa kiume wakasema mjinga. Kipindi kilikwisha hawajamaliza.

Madam_Uru
Sasa lugha. Nikisema Kiingereza kitupu wanakaa kimya, wanaosema ni wale wawili wa mbele. Nikiruhusu Kiswahili darasa linachangamka, lakini mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akiingia nitajieleza vipi?

Mzee_wa_Chaki
Wabishane Kiswahili wawili wawili kwenye dawati dakika tano, wakisimama kujibu iwe Kiingereza. Ubaoni waandikie vianzio vya sentensi, wao wamalizie: mhusika amefanya nini, ukurasa gani, kinatuambia nini juu yake. Nimefanya hivyo miaka, wakaguzi wamekuja wakanikuta, tukapeana mikono.

Ticha_Ngarenaro
Mimi hapo siungi mkono mia kwa mia, kuna shule utaandikiwa barua. Ongea na mkuu wako kwanza.

Madam_Uru
Nitaongea naye. Mkondo B naanza nao Jumatatu: aya ya nguo kwanza, halafu hadithi yote, swali la dada fundi mwisho. Nakala ninazo, moja kila dawati.

Fundi_Kiborloni
Ukurasa wa mwisho ubaki nao wewe mwalimu. Na hao wa mkondo A wafunge midomo, maana huko mapumziko watawasimulia wenzao yote.