Nimeshindwa kesi bila kusikilizwa, wakili kakalia maombi matatu bila kujibu!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nilishtakiwa kwa madai kwamba nimevunja mkataba. Ushahidi ninao: risiti zote, na meseji za mdai mwenyewe akinishukuru kwa kumaliza kazi. Nikaweka wakili, nikamlipa ada yote, akawasilisha utetezi wa maandishi. Tangu hapo kila nikipiga simu jibu ni lile lile: "Tulia, kesi yako nzuri, tunasubiri tarehe." Nikatulia. Nilijua siku ya kusikilizwa nitasimama niseme yangu.

Siku hiyo haikufika. Kilichofika ni notisi ya kukaza hukumu, yaani nilipe nilichoamriwa. Hukumu ipi? Nikaenda masjala, nikaomba kukagua jalada, nikakaa kwenye benchi nafunua ukurasa mmoja mmoja.

Ombi la kwanza: mdai anataka nikabidhi nyaraka ninazozitegemea. Nyaraka zenyewe ndizo zile risiti, ambazo nilimpa wakili mkononi siku ya kwanza kabisa! Hakujibu. Mahakama ikaamuru zikabidhiwe, ikaweka na muda. Kimya. Ombi la pili: utetezi ufutwe kwa kukaidi amri. Hakuna kiapo kinzani, yaani kiapo cha kulipinga ombi, ukafutwa. La tatu: kwa kuwa utetezi haupo tena, hukumu itolewe. Ikatolewa, na gharama za kesi juu yake.

Na kila ombi lina muhuri wa ofisi ya wakili wangu, IMEPOKELEWA, tarehe na sahihi ya katibu wake. Mara tatu. Wino wa bluu, ule wa pili umegongwa upande. Niliukodolea macho mpaka karani akaniuliza kama naumwa.

Jamani, kesi ya madai haikungoji mpaka siku ya ushahidi. Mwenzako akiapa jambo na wewe usipolipinga kwa kiapo chako, linahesabika umelikubali. Jaji anaamua kwa kilichomo kwenye jalada, na bahasha yangu ya risiti ilikuwa kwenye droo ya wakili. Jaji simlaumu.

Nilimfuata huyo wakili ofisini. Hata kiti hakunikaribisha. "Tutaomba hukumu itenguliwe, ni jambo dogo." Jambo dogo! Nimechukua wakili mwingine, tukaomba. Ilibidi tuonyeshe kwamba tulikuwa na sababu ya msingi ya kutojibu, kwamba utetezi una mashiko, na kwamba hatukukawia kuja mahakamani. Kwenye mashiko tulipita. Tulikwama kwenye sababu: uzembe wa wakili peke yake hautoshi, na mwenye kesi ana wajibu wa kuifuatilia. Nimefuatilia mimi! Simu nimepiga mpaka katibu akaizoea sauti yangu. Ila nilikuwa namfuatilia wakili, jalada sikuwahi kuliona, wala sikujua kwamba naruhusiwa kulikagua mwenyewe.

Ada yangu kala, na sasa nalipishwa kwa kazi niliyoimaliza kwa mikono yangu.

Napeleka malalamiko kwenye chombo kinachosimamia mawakili, kisha namdai fidia. Kurasa zile tatu zenye muhuri nimeshaziombea nakala zilizothibitishwa. Aliyewahi kumshtaki wakili wake kwa uzembe aniambie alianzia wapi, na alimpataje wakili wa kusimama dhidi ya mwenzake, maana wawili niliowaendea wameshanikwepa.