MREJESHO: Dada yangu aliyetoka eda, tulipata mnasihi

Wakuu, salaam. Niliuliza humu kuhusu dada yangu wa hapa Mikindani: kafiwa na mume, eda ya miezi 4 na siku 10 imekwisha, ila hatoki ndani, halali, na nyumbani wanasema ni mashetani. Asanteni nyote mliojibu.

Tulianzia hospitali, kitengo cha afya ya akili, kama mlivyoshauri. Mnasihi wa kwanza alikuwa kijana wa kiume. Dada akavuta mtandio, akajibu "ndiyo" na "hapana" tu. Tukaomba mwanamke, tukapewa mama mtu mzima. Huyu habari ya mashetani hakuikataa wala hakuicheka. Alimuuliza, "Yakija, yanakwambia nini?" Hapo dada akalia, yakatoka madeni ya marehemu na mashemeji wanaolitaka shamba la mikorosho.

Mliosema tumhusishe mjomba, Mungu awabariki. Sisi Wamakonde bila mjomba kikao hakijakaa. Mnasihi alimwita, dada akiwa ameridhia, na suala la shamba sasa kalibeba mjomba.

Kilichogoma ni daftari la kuandika mawazo, hata kulifungua hakulifungua. Ushauri wa kutoka kitandani usingizi ukikataa umesaidia kiasi, usiku mwingine bado anakesha. Mama naye anaendelea na ubani wake kila Alhamisi. Mnasihi kasema tumwache, mradi kliniki haikatizwi.

Dada sokoni ameanza kwenda mwenyewe. Mwenye swali kuhusu kitengo aulize hapahapa, nitajibu.