Tupeane uzoefu: Uliwahi kutunga sheria za mchezo wa mezani wa kuwa mnyama pori? Yalikukuta yapi?

Ngiri Mkia Juu
Heshima kwenu wakuu.

Jana napekua kabati natafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nikakutana na kaunta buku langu la mwaka wa pili chuo. Jalada limeandikwa kwa maka peni: SHERIA ZA MBUGA, TOLEO LA 4. Ukurasa wa sheria za panya umeliwa na panya. Nikakaa chini nacheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuchungulia.

Wanaojua wanajua: mmoja msimulizi, wengine kila mtu na mhusika wake, dadu ndiyo inasema umefanikiwa au umeumia. Tulianza na Dungeons & Dragons ya kutolea kopi stesheneri, mapanga na mazimwi, tukachoka. Tukasema kwa nini tusiwe wanyama, tena wa kwetu. Nikatunga sheria wiki nzima, vipindi viwili vya takwimu vikaenda na maji. Siku ya kwanza wachezaji watano, wote wakachagua simba dume. Watano! Saa mbili wananguruma tu, hakuna anayekubali kwenda kuwinda. Swala wangu walikufa kwa uzee.

Nani mwingine yalimkuta?

Mzee wa Pembeni
Naweka kiti hapa. Kuna watu mna muda.

Kete 64
Ndugu yangu umenikumbusha mbali. Mie niko Unguja, dadu sikuzipenda. Nilichukua kete za bao, zipo 64, kila mnyama nikampa fungu lake, hilo ndilo tumbo. Ukilala kivulini hutoi kitu. Ukitembea unatoa moja, ukikimbia tatu. Zikiisha umekufa, hakuna kubembelezana. Uzuri wake mtu njaa anaiona mbele yake, anazihesabu kwa kidole, anazihesabu tena.

Balaa likawa duma. Shemeji yangu kamchagua kwa sababu ya mbio. Mbio anazo, anakaribia kilometa 100 kwa saa, lakini ni mita mia chache tu kisha lazima ahemee. Kakimbia mara mbili kakosa. Ya tatu kapata, yuko chini anahema, fisi kaja kamnyang'anya. Raundi ya nne kafa. Akenda jikoni kutia chai, hakurudi. Mpaka leo nikimwita mchezoni ananambia ana swaumu. Hizi kete za duma nizirekebisheje?

Waliopendwa ni kima punju. Hawa wetu wa Jozani hula majani ya miembe na mikungu, yana vitu vinavyowasumbua tumboni, basi wanatafuta mkaa wakautafuna, sumu inapungua. Nikaweka kete za sumu: ukila jani unapokea moja, ukipata kipande cha mkaa unairudisha. Mkaa nilioweka mezani ulikuwa mkaa kweli. Vidole vyeusi, kanzu nyeusi, watu wanagombania mkaa kuliko chakula. Mama akipita anasema hawa wana wazimu, kumbe mkaa wenyewe umetoka jikoni kwake.

Jirani wa Rongai
Huku kwetu dadu ya pande 20 haikuwepo, tulikata vikaratasi 1 hadi 20 tukatia kwenye mkebe wa Blue Band. Mchezo ulikuwa nyumbu kuvuka mto Mara, ukitoa 1 mamba anakula. Kumbe karatasi ya 20 iliwahi kumwagikiwa soda, ikakauka ngumu, kila mtu anaijua kwa vidole. Nyumbu 40 walivuka bila hata mmoja kuguswa. Mamba alikuwa ndugu yangu mdogo. Alilia hadi mama akatunyang'anya mkebe.

Tumaini_jr
Hii ya mkebe tumeishi wote.

Dereva wa Kaskazini
Mleta uzi, kwenye hilo toleo la 4 fisi ulimpa uwezo gani?

Ngiri Mkia Juu
Kunusa mzoga, nyongeza 3.

Dereva wa Kaskazini
Yale yale. Mimi nimepeleka wageni Ngorongoro miaka. Fisi madoa anawinda mwenyewe, na anawinda vizuri. Mle kreta mara nyingi unachokuta alfajiri ni simba amekalia nyama ya fisi, fisi wenye nyama yao wamezunguka wanasubiri, halafu mgeni anakwambia "ona wezi wale". Pia jike ndiye bosi. Dume aliyehamia kutoka ukoo mwingine yuko chini ya majike wote, hadi watoto wao wanakula kabla yake. Hiyo ndiyo sheria ya kuandika, siyo kunusa.

Chuma cha Reli
Mchezo gani dume anakula mwisho? Mimi hapo siwezi kucheza.

Mama Wawili Moro
Kwani nyumbani kwako unakula wa kwanza?

Chuma cha Reli
Dada tuheshimiane, hatujuani.

Dereva wa Kaskazini
Kacheze drafti mkuu.

Babu Paukwa
Nyie vijana mnaharibu. Wanyama tunawajua tangu paukwa pakawa: sungura mjanja, fisi mlafi, kobe hana haraka. Wapeni maneno na hila. Mkianza sumu za majani na nani anakula baada ya nani, hilo ni somo la baiolojia. Mimi watoto wangu nawachezesha hivi: ukitaka kufanya kitu, nidanganye kwanza. Nikiamini, umefanikiwa. Dadu ya nini?

Jirani wa Rongai
Babu hiyo nimeiiba tayari. Na Wamarekani walitoa mchezo wa kuwa sungura, Bunnies & Burrows, tangu 1976, miaka miwili tu baada ya Dungeons & Dragons. Sungura wao nao wanaongea.

Mdudu Washa
Mimi niliandika mbwa mwitu. Nilisoma utafiti wa Botswana wa 2017 kwamba kabla ya kwenda kuwinda wanapiga chafya, ni kama kura. Wakubwa wa kundi wakishiriki zinatosha kama chafya 3, wasiposhiriki inabidi zifike kama 10. Nikaona hii ni sheria nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika: hakuna kuongea mezani, unataka tuondoke, piga chafya.

Siku yenyewe msimu wa baridi, niko Iringa. Jamaa mmoja ana mafua. Kundi lilihama usiku kucha. Tulivuka mbuga nzima hatujawinda hata digidigi.

Tumaini_jr
Nimecheka kwenye daladala watu wananiangalia.

Mpole wa Tabata
Ngoja niseme tu. Sheria zangu nusura zinivunjie uchumba.

Ilikuwa 2016, mahari nimeshatoa nusu. Mchumba wangu hakutaka hata kusikia habari za mchezo wetu. Nikambembeleza, akakubali kuwa simba jike, akaupenda kuliko sisi. Jumamosi sita mfululizo. Akazaa watoto wawili, akawapa majina, akawachora kwenye vipande vya manila kwa kalamu za rangi, mmoja masikio makubwa kama ya popo. Kila nyama ikipatikana anajinyima anawapa wao.

Sasa mimi kwa utaalamu wangu, nilishaandika kifungu cha 17 kabla hata hajaanza kucheza: dume jipya likitwaa kundi, watoto wadogo wote wanauawa. Simba ndivyo walivyo. Jike mwenye wadogo hapandwi, na dume mgeni hana muda wa kusubiri. Siku hiyo msimulizi alikuwa rafiki yangu, mimi nacheza dume mgeni. Nikampiga dume mzee. Jamaa akafungua daftari, akakisoma kile kifungu kwa sauti. Nikasema "sheria ni sheria", nikachukua zile manila mbili nikazichana.

Nilizichana wakuu. Na nilikuwa nacheka.

Inaendelea...

Mama Wawili Moro
Ulizichana???

Chuma cha Reli
Hii chai ina tangawizi.

Ngiri Mkia Juu
Mpole usituache njiani tafadhali.

Kete 64
Mie swali langu la kete za duma sijajibiwa lakini endelea ndugu.

Mpole wa Tabata
Samahani, umeme ulikatika.

Aliondoka na kandambili za mwenye nyumba, viatu vyake kaacha. Usiku akampigia shangazi yake Korogwe. Maneno yenyewe nilikuja kuambiwa baadaye: "Shangazi, ameniulia watoto wangu wawili, mbele ya watu, anacheka."

Shangazi hajui mchezo wala dadu. Anachojua ni kwamba binti hajaolewa na hana mtoto. Kwa hiyo hapo kuna maswali mawili, wametoka wapi na wamezikwa wapi.

Kesho yake saa tisa alasiri shangazi na baba mkubwa wako sebuleni kwetu. Mshenga wangu kaitwa, jasho linamtoka. Mama yangu kakaa pembeni kashika tasbihi. Nikaambiwa nieleze.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa simba?"
Ndiyo baba.
"Na huyu simba?"
Ndiyo baba.
"Na watoto ni karatasi?"
Manila, baba.

Kimya. Shangazi ndiye alianza kucheka, akacheka mpaka mtandio ukamtoka. Baba mkubwa hakucheka. Ni mwalimu mstaafu. Akaomba daftari, akavaa miwani, akasoma kuanzia kifungu cha 1 huku tumekaa tunamsubiri. Alipofika cha 17 akatoa peni nyekundu akakikata. Pembeni akaandika: "Fikiria upya."

Tumaini_jr
FIKIRIA UPYA. Nimeishiwa nguvu.

Chuma cha Reli
Bado nasema chai. Ila huyo mzee namkubali.

Mama Wawili Moro
Mlioana au hamkuoana?

Mdudu Washa
Kifundi tatizo siyo kifungu, tatizo ni kwamba hakuna dadu. Ungempa jike nafasi ya kuwaficha watoto. Majike huwa wanapigana kuwalinda, tena kwa pamoja.

Babu Paukwa
Tatizo ni kucheka.

Jirani wa Rongai
Mimi ningeweka vifo vyote. Mchezo usiouma ni ludo.

Mama Wawili Moro
Ludo haiumi? Hujacheza na wifi zangu.

Dereva wa Kaskazini
Mpole, huyo baba mkubwa mpe tembo jike mzee, bibi wa kundi. Ukame wa 1993 Tarangire, makundi yenye majike waliokula chumvi nyingi yalitoka hifadhini kutafuta maji na malisho, yakapoteza watoto wachache kuliko yaliyobaki. Sheria yake nyepesi: mwenye bibi anaruhusiwa kumuuliza msimulizi mara moja, "ukame uliopita tulikwenda wapi?", na msimulizi haruhusiwi kudanganya.

Mpole wa Tabata
Alishacheza tembo. Alikuwa anatoa adhabu kwa wanaochelewa.

Mama Wawili Moro
Nimeuliza swali.

Mpole wa Tabata
Manila moja niliiunga kwa selotepu, ile ya masikio. Ipo mlangoni kwenye friji.

Mama Wawili Moro
Friji ya nani?

Mpole wa Tabata
Yetu.

Kete 64
Alhamdulillahi. Sasa jamani duma. Nimpunguzie mbio zitoke kete mbili, au fisi nimcheleweshe raundi moja?

Dereva wa Kaskazini
Mpunguzie.

Jirani wa Rongai
Usimpunguzie. Mwambie shemeji achague nyegere.

Mdudu Washa
Nyegere apigwe marufuku, anaharibu kila mchezo.

Ngiri Mkia Juu
Wakuu, nimefikiria. Jumamosi jioni niko Sinza, kaunta buku ninalo, dadu ninazo tatu. Tupige kura ya mbwa mwitu: zikifika 10 tunacheza.

Tumaini_jr
Chafya.

Jirani wa Rongai
Niko mbali lakini chafya.

Mdudu Washa
Chafya. Chafya.

Chuma cha Reli
Hiyo ya pili ni mafua, msihesabu.