Fundi wa Mwanjelwa amefuta kazi zote za dada yangu, kisha anasema ndivyo Linux ilivyo

Ndugu wanajamvi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha.

Dada yangu ni mwalimu wa sekondari wilayani Rungwe. Kompyuta mpakato yake ni ya zamani, ina diski ya kuzunguka (HDD) ya GB 500, na haikidhi masharti ya Windows 11, ambayo hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa kuwa Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, walimu wenzake walimshauri aweke Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, na ushauri huo ulikuwa mzuri. Akaja Mbeya mjini, akampa kazi fundi mmoja wa Mwanjelwa na kumweleza waziwazi kwamba Windows ibaki, Linux ikae pembeni yake, na mafaili yasiguswe.

Alirudishiwa mashine tupu. Maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, mitihani aliyoitunga mwenyewe na alama za wanafunzi, vyote vimetoweka. Alipouliza, akajibiwa: "Mwalimu, Linux ndivyo ilivyo, ukiiweka lazima ifute kila kitu."

Huo ni uongo, na ndio ulionifanya niandike. Programu ya kusakinisha Linux Mint hufika mahali inapomwuliza mtu anataka kuiweka vipi, na ikiiona Windows kwenye diski humpa chaguo la kuziweka zote mbili pamoja. Chaguo la kufuta diski nzima nalo lipo, lakini chini yake yameandikwa maneno ya tahadhari kwamba programu, nyaraka, picha, muziki na mafaili mengine yote yatafutika, yawe ya mfumo wowote ule. Kabla diski haijaguswa, hutokea tena kisanduku kinachoorodhesha sehemu zitakazobadilishwa na kumtaka mtu athibitishe. Kwa hiyo fundi huyu alionywa, akaonywa tena, naye akabofya kuendelea juu ya mali ya mtu ambaye hakuwepo.

Tena flashi ileile aliyoitumia huiwasha Linux bila kuisakinisha. Angeweza kufungua mafaili ya mwalimu kutoka humo, akayanakili kwenye diski ya nje, na papo hapo akajaribu kama Wi-Fi na sauti vinafanya kazi. Hiyo ndiyo kazi ya fundi, na ndiyo anayolipwa. Badala yake alidai fedha ya "leseni", ilhali Linux Mint hupakuliwa bure na mtu yeyote mwenye bando. Atoze ufundi wake, hilo ni haki yake. Kumtoza mwalimu leseni isiyokuwepo ni wizi.

Lililoniumiza zaidi ni kwamba, baada ya kufuta, aliijaza diski hiyo filamu na nyimbo kama nyongeza kwa mteja. Faili likifutwa kwenye diski ya kuzunguka, data yake hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na Linux Mint yenyewe haihitaji hata robo ya GB 500. Sehemu kubwa ya kazi za dada yangu huenda ingeokolewa kwa programu kama TestDisk au PhotoRec, ambazo nazo ni za bure. Kila filamu aliyoimwaga mle imepunguza uwezekano huo.

Nimemwambia dada aizime mashine na asiiwashe tena kwa sababu yoyote, maana hata kuiwasha tu huandika vitu vipya kwenye diski. Fundi ninamtaka arudishe fedha yote, ya leseni na ya kazi, na amweleze mwalimu kwa mdomo wake mwenyewe kwamba aliyefuta ni yeye na si Linux.

Kwenu ninyi mlioko Mbeya, Iringa, Njombe au Makambako: ninamhitaji mtu mwenye uzoefu wa kurejesha mafaili, ambaye atanakili diski nzima kwanza kwenye diski nyingine, kisha afanyie kazi nakala hiyo. Nyaraka za Word na Excel ndizo za kutangulizwa, hasa zenye alama za wanafunzi. Gharama tutaelewana kabla diski haijafunguliwa, nami nitakuwepo wakati wote kazi ikifanyika.