Bagamoyo, Pangani au Kilwa: wapi pa kulala kwenye nyumba ya zamani, chumba na chai?

Mtoro_wa_Jiji
Wakuu habari zenu. Mimi na wife tunataka kutoka mjini siku chache na hatutaki hoteli ya lifti na bwawa, tunataka nyumba ndogo kwenye mji wa kale wa pwani, chumba na chai asubuhi basi, ikiwezekana mwenye nyumba awe anaishi hapohapo. Nimebakiza Bagamoyo, Pangani na Kilwa. Gari tunayo ila ni ya chini, yeye anapenda historia, mimi samaki na usingizi. Aliyelala huko atupe tofauti, picha za matangazo nimeshaziona za kutosha.

Chumvi_Mkavu
Bagamoyo, usijisumbue kwingine. Ni kama km 70 tu kutoka Dar, lami mpaka mlangoni, na mji wa kale upo kwenye mtaa mmoja unaoutembea kwa miguu, ile India Street yenye milango ya nakshi na magofu yaliyoota miti ndani. Wife anapenda historia si ndio, basi Misheni ya Wakatoliki ya 1868 ipo, mwili wa Livingstone ulipita hapo 1874 ukiwa njiani kupelekwa Uingereza, Boma la Wajerumani lipo, alafu magofu ya Kaole mnaenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Wewe jioni unashuka soko la samaki pale kando ya forodha ya zamani, unakuta mnada, wenye karai za mafuta wanakukaangia unakula umesimama. Nini tena?

kipepeo_mweusi
Hapo kwa Chumvi nakubali ila wikendi Bagamoyo inajaa watu wa Dar na semina, muziki mpaka usiku wa manane. Kama anataka usingizi aende katikati ya wiki.

Bi_Mkunazi
Wanangu, mimi ni wa Pangani kwa hiyo mtanisamehe nikivutia kwetu. Pangani siyo mji wa kutalii, ni mji wa kukaa. Asubuhi unakaa barazani unatazama mto na kivuko kinavyovusha watu wa Bweni ng'ambo, akina mama na ndoo za samaki, bodaboda, ng'ombe wakati mwingine, basi ndo sinema yenyewe. Historia ipo tele, vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilianzia huku 1888 na hapahapa wakamnyonga Desemba 1889, lakini hutaona kibao kila kona kama Bagamoyo, inabidi uulize wazee. Nyumba za kulala mjini ni chache, nyingi gesti za kawaida. Za kisasa zaidi ziko nje, kando ya bahari.

Na jambo moja, mkija njooni mmejisitiri. Kaptula na vest ni za ufukweni, siyo za mtaani.

Mtoro_wa_Jiji
Shikamoo mama. Barabara ya kutoka Tanga gari ya chini inapita?

Bi_Mkunazi
Marahaba mwanangu. Ni km 50 hivi, na ujenzi umekuwa ukiendelea, kwa hiyo mpigie mwenye nyumba siku mbili kabla akwambie kulivyo. Masika usije na gari hiyo.

Ngalawa_Moja
Mnazunguka tu, jibu ni Ushongo. Vuka kivuko, nenda kusini, banda la makuti mita chache toka majini, upepo unapita chumbani usiku kucha. Hizo nyumba za kale mnazozisifia mmezilala kweli? Kuta za matumbawe na chokaa nene hivi, zinashika joto la jua mchana kutwa alafu usiku ndo zinalitema ndani, dirisha dogo, feni inazungusha hewa ileile ya moto, umeme ukikatika unatoka jasho kama umebeba magunia. Picha nzuri, usingizi hakuna.

Chumvi_Mkavu
@Ngalawa_Moja kaomba mji wa kale, Ushongo ni ufukwe. Na siyo nyumba zote ziko hivyo bwana. Wajenzi wa zamani hawakuwa wajinga, nyumba yenye ua katikati na dari ndefu inapumua vizuri tu. Shida ni hawa wanaokarabati kwa saruji, wanaziba matundu ya hewa, wanagawa chumba kimoja viwili ili walaze wageni wengi. Uliza chumba kiko juu au chini, na dirisha linatazama wapi. Chumba cha juu cha upande wa bahari na cha chini cha uani ni dunia mbili tofauti ndani ya nyumba moja, na bei mara nyingi ni ileile.

fundi_saa
+1 chumba cha juu. Pia chokaa yenye unyevu inatoa harufu ya uvundo, na asubuhi unakuta unga mweupe umekudondokea kwenye nguo. Usitundike suti ukutani.

Salma_wa_Lindi
Naona Kilwa imesahaulika ngoja niitetee, ila kwa ukweli wake. Watu wakisema wanaenda Kilwa wanachanganya sehemu tatu. Kilwa Masoko ndo unapolala, mji wa kawaida tu wa ofisi za wilaya na soko, siyo wa kale. Kilwa Kisiwani ndo yenye Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa, ile iliyoingizwa urithi wa dunia 1981 na Ibn Battuta alifika 1331, lakini unavuka kwa boti unarudi. Kibali unachukulia Masoko kabla ya kupanda boti, usifike gatini saa kumi jioni ukategemea utavushwa. Alafu kuna Kivinje, huo ndo mji wa kale wenye nyumba za kale zinazoanguka kwa uzuri kabisa, mtaa mzima wa milango mikubwa na miti imeshika kuta, mimi ningelala huko kwa raha zote ila sehemu za mgeni kulala ni za kuhesabu.

Kwa hiyo kama unachotaka ni kuamka ukiwa ndani ya historia, Kilwa haikupi hicho. Inakupa magofu makubwa kuliko yote pwani hii, mchana. Kwa mke wako ningesema Kilwa bila kufikiri, kwa wewe mpenda usingizi safari peke yake itakumaliza, zaidi ya km 300 toka Dar, na mvua kubwa zikija muulize mtu wa huko kwanza, 2024 barabara ilikatika Somanga magari yakakwama.

kipepeo_mweusi
Salma umemaliza

Mtoro_wa_Jiji
Dah asanteni, wife kasoma uzi wote sasa anataka Kilwa, mimi nimelala Pangani kichwani tayari 😂 Suala la chai je? Niliwahi kuambiwa bei ni pamoja na chai, asubuhi nikapewa slesi mbili za mkate, yai moja na majani ya chai ya kwenye kamba.

Bi_Mkunazi
Uliza nani anapika. Ukiambiwa mpishi anakuja saa mbili, huo ni mkate. Ukiambiwa mama mwenye nyumba, utakula vitumbua vya moto, mihogo ya nazi, maharage, na chai ya tangawizi imechemshwa kwenye sufuria. Na mwambie usiku uliotangulia unataka nini, mchele wa vitumbua hulowekwa, hauamuliwi asubuhi. Ramadhani watakupikia, ila kula ndani, na usitegemee mgahawa mchana.

fundi_saa
Maji pia uliza. Miji hii mingi kisima kina chumvi, sabuni haitoi povu, nywele zinakuwa kama kamba. Siyo mwisho wa dunia ila mke wako atakuuliza wewe.

Ngalawa_Moja
Kama ni Pangani basi angalieni mwezi, hii wengi hawaambiwi. Kisiwa cha Maziwe kile cha mchanga kinafunikwa maji yakijaa, kwa hiyo boti zinafuata kupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakupwa sana mida ya saa nne asubuhi, mnatoka baada ya chai mnarudi kabla jua halijawa kali. Mkija siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kupwa inaangukia alfajiri na jioni na maji yenyewe hayatoki sana, mtabaki mnapiga stori na nahodha. Kusi likivuma, katikati ya mwaka hapo, bahari inachafuka, anayetapika kwenye daladala asipande.

Salma_wa_Lindi
Hiyo ya mwezi ifanyeni hata Bagamoyo, bamvua asubuhi bahari inakimbia mbali mpaka unaiona mstari tu, ulienda kuogelea unaishia kutembea kwenye matope na kaa.

Mtoro_wa_Jiji
Tumekubaliana hivi: Pangani sasa hivi, usiku wa kwanza mjini kando ya mto unaofuata Ushongo ili Ngalawa asiniseme, Kilwa tunaiweka baada ya masika tukiwa na gari ya kuazima. Mama Mkunazi, kivuko kinafanya kazi mpaka saa ngapi? Tusije tukalala Bweni garini.

Bi_Mkunazi
Vukeni mchana na jua likiwaka, msipige hesabu za dakika za mwisho. Cha usiku kipo kwa dharura tu na hakina ahadi. Mkichelewa, laleni mjini, muwapigie wa Ushongo mapema wasipike samaki wenu bure.