Pasaka ya siku nne nyumbani: projekta, Kariakoo na chakula cha watu sita. Naomba ushauri

Mdau wa Sinza
Habari za jioni wakuu. Pasaka hii tuko watu sita na tumekubaliana kukaa nyumbani Sinza, Ijumaa Kuu hadi Jumatatu. Tunataka filamu, kula, kulala, na Jumamosi tutoke mara moja tu kwenda Kariakoo. Safari za Bagamoyo na Zanzibar tumeziacha kwa makusudi.

Sebule ni mita 4 kwa 5, ukuta mrefu ni mweupe, feni ya dari ipo, AC hakuna. Projekta ya kuazima imepatikana, na spika ya Bluetooth ipo. Watatu ni Wakatoliki, wawili Waislamu. Projekta tuiwekeje? Kariakoo twende saa ngapi? Na chakula tukipangeje ili mtu mmoja asigeuke mpishi wa siku zote nne?

Fundi Mwanga
Mkuu, iazime Jumatano usiku au Alhamisi, sio Ijumaa. Kinachoharibu usiku wa kwanza karibu kila mara ni waya uliosahaulika, na siku ya sikukuu duka la kununua waya ni la kutafuta kwa tochi. Hakikisha unapewa waya wa umeme, waya wa HDMI (unaopeleka picha na sauti) na rimoti yenye betri. Ongeza ekstensheni ya mita 5.

Kwenye kitabu cha projekta kuna uwiano wa umbali kwa upana wa picha. Projekta nyingi za nyumbani ziko kati ya 1.2 na 1.6. Chukua umbali, gawanya kwa namba hiyo. Ikiwa ni 1.5 na umeiweka mita 3 kutoka ukutani, picha itakuwa na upana wa mita 2, yaani kama inchi 90. Inawatosha watu sita. Msishawishike kuijaza ukuta mzima, kwa sababu mwanga ni uleule: picha ikipanuliwa inafifia.

Iweke sawa na usawa wa picha, juu ya meza imara. Watu wengi huiinamisha halafu wanainyoosha picha kwa rimoti. Kunyoosha huko kunakula vitone vya picha, na maandishi ya chini yanaingia ukungu. Acha nafasi ya sentimita 30 kwenye matundu ya hewa, maana bila AC inachemka na baadhi hujizima zenyewe. Ukiizima, subiri feni yake isimame ndipo uchomoe.

Ukuta mweupe usiong'aa ni bora kuliko shuka, usitundike shuka. Na mchana sahau, mwanga wa dirishani unaua picha. Anzeni saa moja jioni.

Bi Mkubwa wa Tabata
Mwanangu, kwenye ratiba angalia ibada kwanza. Ijumaa wawili wataenda msikitini mchana, na Wakatoliki wana ibada ya saa tisa alasiri. Jumamosi usiku ni mkesha wa Pasaka, kwa hiyo hao watatu hawatakuwepo. Usipange filamu kubwa usiku huo, iwekeni Ijumaa au Jumapili. Na Ijumaa Kuu Wakatoliki hawali nyama, basi siku hiyo pika samaki na wote mle chungu kimoja.

Kompyuta Mpakato
Naongezea upande wa filamu zenyewe. Zipakueni kabla, mkiwa na Wi-Fi ya uhakika. Kutazama moja kwa moja kwa ubora wa HD kunaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na filamu mbili kwa usiku ni kama saa nne.

Mkitumia flashi, mjue kwamba iliyofomatiwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili) haipokei faili linalozidi GB 4. Utaambiwa faili ni kubwa mno wakati flashi ina nafasi tele. Fomati upya kwa NTFS au exFAT, kisha ijaribu kwenye projekta hiyohiyo, kwa sababu baadhi za zamani hazisomi exFAT. Fomati inafuta kila kitu, hamisha vilivyomo kwanza. Faili la tafsiri liitwe jina lilelile la filamu, herufi kwa herufi, likiishia na .srt, na vyote vikae folda moja.

Picha ikitoka bila sauti, mara nyingi sauti ya faili imefungwa kwa DTS (aina ya mfumo wa sauti) na projekta haiielewi. Chomeka laptopu kwa HDMI, ichezeshe kwa VLC (programu ya kuchezea video), imekwisha. Hata hivyo kwa usalama laptopu iwepo tangu mwanzo.

Mama Doti
Kariakoo: Jumamosi, muwe mmefika kabla ya saa tatu asubuhi. Ikifika saa tano jua na watu vinawashinda, na uvivu wa wikiendi unaishia hapo. Kutoka Sinza shukeni Shekilango, mpande mwendokasi la Gerezani. La Kivukoni litawapitisha mbali.

Khanga na vitenge viko mtaa wa Uhuru. Khanga huuzwa kwa doti, vipande viwili. Ikunjue yote palepale dukani, uangalie pindo la pande zote nne. Chapa ikiwa imekimbia, maandishi yanakaa karibu na ukingo na ukikata na kupinda yanaliwa. Kitenge kigeuze: rangi ya nyuma ikiwa hafifu sana kuliko ya mbele, kitapauka mapema. Kitambaa kipya kina wanga, kifue kabla ya kukipeleka kwa fundi, vinginevyo nguo inasinyaa baada ya kushonwa. Na msitegemee fundi wa kushona kabla ya Pasaka, ameshajaa.

Mitumba nendeni Mchikichini, Karume. Angalia kwapa, zipu, magoti na mshono wa katikati, kisha inua nguo kwenye mwanga uone vitundu. Suruali hamna pa kujaribia? Ifunge kifungo, uzungushe kiuno chake shingoni: ncha zikikutana nyuma bila kuvuta, kiuno kinakaribia kukutosha. Bora zaidi ni futi ya fundi na vipimo vyako kwenye karatasi.

Gawanyikeni wawiliwawili, simu na pesa mbele. Saa tano mkutane kituoni Gerezani, mrudi nyumbani kulala.

Mdau wa Sinza
Shukrani sana wakuu, Bi Mkubwa shikamoo. Nimebakiwa na mawili: chakula, na sauti. Nimejaribu spika na midomo inatangulia maneno.

Fundi Mwanga
Hiyo ni Bluetooth, inachelewesha sauti. Nunua waya wa AUX wa milimita 3.5, mita 3 hadi 5, uchomeke laptopu na spika. Weka spika chini ya picha, sio nyuma ya watu.

Jiko la Pwani
Chakula: pika mara moja kwa siku, mchana, na usiku iwe vitafunwa tu. Wawili wapike, wawili waoshe vyombo, wawili wapumzike, kesho mnazunguka. Pesa akusanye mtu mmoja kabla ya Alhamisi, kila mtu atume na ya kutolea, na manunuzi yote ya jikoni yaishe Alhamisi pamoja na gesi na umeme wa LUKU.

Pilau la Jumapili: mchele kilo 1 na nyama kilo 1 vinawatosha sita na kubaki kidogo. Supu vikombe 1½ kwa kikombe kimoja cha mchele. Wali uliobaki usilale kwenye jiko. Kwa joto la Dar uingie friji ndani ya saa mbili, kwenye chombo kipana ili upoe haraka. Kuupasha moto kesho yake hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa.

Bisi: mahindi ya bisi nusu kikombe, mafuta vijiko 3 vya mezani, sufuria nzito. Tia punje tatu kwanza, zikipasuka mimina zilizobaki sufuriani na ufunike ukiacha upenyo mdogo. Ukifunika kabisa, mvuke unabaki ndani na bisi zinakuwa ngumu kama mpira. Zikipishana sekunde mbili kati ya mlio na mlio, epua. Chumvi iwe laini, iliyosagwa, la sivyo inaishia chini ya bakuli. Kwa sita pika sufuria mbili kwa zamu, usiongeze kipimo kwenye moja.