Ni akina nani hasa wanaofuatilia samaki wa Ziwa Victoria?

Swali: Ndugu zangu, husikika mara kwa mara kwamba Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja, ndilo linalofuatilia hali ya samaki. Je, ni akina nani hasa wanaoifanya kazi yenyewe?

Jibu la 1: Shirika hilo, lililoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1994 kati ya Kenya, Tanzania na Uganda, kazi yake kubwa ni kuratibu. Wanaoingia ziwani kukadiria wingi wa sangara na dagaa kwa mawimbi ya sauti ni watafiti wa taasisi za utafiti wa uvuvi za nchi hizo: TAFIRI ya Tanzania, KMFRI ya Kenya na NaFIRRI ya Uganda.

Jibu la 2: Ni kweli, lakini tusiwasahau wakusanyaji wa takwimu mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Niliwahi kuifanya kazi hiyo: daftari limelowa, mvuvi amekesha na mchuuzi anamsubiri, nawe unamwomba avumilie mpaka umpime sangara wake urefu na uzito. Bila viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa mialo, wanaofahamiana na wavuvi, nisingepata hata namba moja ya kuaminika.

Muuliza swali: Nashukuru. Mbona basi hao wa mwaloni hawatajwi kwenye ripoti?